Sumu Iliyongoja Mvua

"Kware, shati jekundu. Anaelekea kwenye ndizi."

Sauti ya Jacinta, mkuu wake katika Idara, ilikatika sikioni.

Ilwad Zubair, ambaye kazini aliitwa Kware, alikuwa tayari anakimbia.

Saa sita na nusu mchana, siku ya soko, Daraja Mbili. Wanawake walikuwa wamepanga mikungu ya ndizi hadi ukingoni mwa barabara, na katikati ya mikungu hiyo Haron Nyangau alikuwa akitimua mbio huku begi jeusi likimpiga mgongoni. Alimpiga kikumbo muuza nyanya. Nyanya zikatawanyika. Ilwad akaziruka bila kuzikanyaga.

Haron akakata kona na kuingia upande wa mitumba.

Hapo alikosea.

Mzee Zubair, baba yake Ilwad, alikuwa ameuza mashati sehemu ile kwa miaka thelathini. Ilwad alijifunza kutembea akishikilia marobota ya nguo. Alijua kila kichochoro na mahali kinapotokea. Kwa hiyo hakumfuata Haron. Alipinda kushoto, akainama chini ya turubai, akapanda marobota matatu na kushuka upande wa pili. Haron alipochomoza kwenye makoti, alimkuta amesimama mbele yake, mkono mmoja chini ya mtandio.

Chini ya mtandio kulikuwa na bastola, Glock 19.

"Keti," Ilwad alisema.

Haron akaketi juu ya robota la suruali.

Ndani ya begi mlikuwa na karatasi za kubandika, maelfu, zimeviringwa kama utepe. Zote zilisema dawa iliyomo itafika mwisho wa matumizi baada ya miaka mitatu. Dawa yenyewe ilikuwa imekwisha muda miaka minne iliyopita.

Idara ya upelelezi ilikuwa ikilifuatilia genge lake tangu mwaka jana. Dawa mbovu zilivushwa mpakani zikiwa zimefichwa kwenye magunia ya chakula cha kuku, zikapelekwa Ekerenyo, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa kilichokuwa hakikoboi kahawa tena. Huko vidonge vilioshwa rangi ya zamani kwa kemikali, vikapakwa rangi mpya na kutiwa kwenye pakiti mpya. Maji ya kuoshea yalikwenda kwenye tangi. Kutoka kwenye tangi yalikwenda kwenye kijito cha Nyabomite, kila wiki, kila mvua kubwa ikinyesha, ili mafuriko yaondoke na ushahidi.

Watu wa vijiji vinne walikuwa wakinywa kutoka kijito hicho.

Mmoja wao alikuwa Dahabo, mama yake Ilwad. Alikuwa na duka la nguo pale sokoni Ekerenyo kwa miaka kumi na moja. Machi iliyopita aliungua kidogo mkononi kwa sufuria ya chai. Jeraha la kupaka asali na kusahau. Halikupona. Lilipanda kiwikoni, likapanda begani, likaingia kwenye damu. Siku ya kumi na nane wodini daktari alimwita Ilwad pembeni na kumwonyesha karatasi ya maabara yenye majina kumi na mawili ya dawa. Mbele ya kila jina palikuwa na neno lile lile.

Sugu.

Daktari alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Vijidudu vikinyweshwa dawa kidogo kidogo kila siku, vilivyo dhaifu hufa na vilivyo na nguvu hubaki na kuzaana. Mwisho vinabaki vile tu visivyojali dawa. Alisema mtu fulani mahali fulani amevifundisha vijidudu hivi kwa muda mrefu sana.

Dahabo alizikwa kesho yake kabla ya adhuhuri.

Na mtu aliyevifundisha alikuja kuhani. Aliitwa Machogu. Alikuwa na duka la dawa mjini na watu walimwita Daktari ingawa hakuwahi kuwa daktari. Alimshika mzee Zubair mkono, akampa pole mara tatu, akakaa mkekani akala pilau. Ndiye aliyekuwa amemuuzia mzee vidonge vya mwisho vya Dahabo.

Ilwad alikuja kuyajua yote hayo miezi miwili baadaye, akisoma faili.

Hakulia. Aliomba tu apewe kazi hiyo yeye.

"Machogu yuko wapi?" alimuuliza Haron sasa.

Haron alikuwa fundi wa umeme wa kiwanda. Alitazama makoti, akatazama mtandio, kisha akaanza kusema, na alipoanza hakunyamaza. Wakaguzi kutoka Nairobi walikuwa wanakuja kesho asubuhi na Machogu alikuwa ameshapata habari. Kwa hiyo shehena yote iliyobaki, antibiotiki, dawa za kupanga uzazi, dawa za mifugo, ilikuwa imesagwa na kukorogwa ndani ya tangi. Lita elfu arobaini. Zingeachiliwa leo, zote kwa mpigo mmoja.

"Saa ngapi?"

"Mvua ikinyesha, madam. Haingoji mtu."

Akaeleza. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga juu ya paa kifaa cha kuhisi mvua. Kikilowa kwa dakika sita mfululizo, valvu ya tangi inafunguka yenyewe. Machogu hakutaka kuwapo wakati huo. Angetega mchana huu, kisha awahi kuwa mjini, mbele ya mashahidi.

Ilwad akamuuliza itakuwaje akikata waya. Haron akasema ukikata waya valvu inafunguka papo hapo. Akikivunja kisanduku cha namba kilicho ukutani? Vilevile. Mpini wa kufungia kwa mkono? Machogu alikuwa ameukata kwa msumeno wiki jana.

"Na namba ya kuzima?"

"Anaijua yeye peke yake. Aliniambia nigeuke nitazame ukuta."

Ilwad akainua macho. Upande wa Manga, juu ya vilima, wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Nchi hii mvua ya alasiri haikosi.

Aliwaita vijana wawili wa Idara waliokuwa wakijifanya wanachagua makoti, akawakabidhi Haron, kisha akabonyeza simu.

"Timu iko wapi?"

"Wamepita Narok," Jacinta alisema. "Wamebakiza saa mbili na nusu."

"Mvua haitawangoja."

"Kware, nenda. Lakini namtaka akiwa hai."

"Nimekusikia."

"Umenisikia, au umekubali?"

Ilwad akakata simu.

*

Kwa nje pikipiki yake ilikuwa Boxer kama za bodaboda wengine wote, kiti kimepasuka, stika za klabu ya mpira pembeni. Injini ilikuwa kitu kingine. Ilwad aliipita Nyamira mjini kabla watu hawajamaliza kugeuza shingo. Barabara ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kati ya majani ya chai. Hewa ilikuwa nzito na kila kitu kilinukia udongo.

Saa saba na dakika ishirini alikuwa Ekerenyo.

Aliiacha pikipiki kwenye migomba ya Persis. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu, mjane wa miaka sitini na mitatu, na shamba lake la chai lilipakana na kiwanda. Kwa miezi saba alikuwa akichota maji ya kijito kwenye chupa, akiandika tarehe, na kuyapeleka kwa Jacinta ndani ya kikapu cha ndizi. Hakuna mlinzi aliyewahi kukipekua kikapu chake.

Alimwambia Ilwad karibu, bila kupoteza muda kwa chai.

Wakati Ilwad akirusha droni ndogo aina ya Mavic, Persis alimsimulia kwa sauti ya chini. Kwanza vyura walinyamaza. Mtu wa huku hulala kwa kelele za vyura, sasa kijito kilikuwa kimya kama shimo la kaburi. Kisha wanakijiji wakaona samaki wadogo wanaovuliwa kule chini wote wana mayai, kila mmoja anayepasuliwa, dume hakuna. Kisha watu. Mwiba, kidonda cha kiatu, mtoto mwenye sikio linalouma. Zahanati iliwapa dawa na dawa ilikuwa kama chokaa.

"Mzee wangu alikuwa kidole tu," Persis alisema. "Jembe lilimkata kidole."

Kwenye kioo cha simu droni ilionyesha uwanja wa kiwanda. Prado nyeupe, injini inaunguruma. Mlinzi mmoja langoni, wa pili karibu na tangi. Na mtu mnene mwenye koti la kijivu amesimama mbele ya kisanduku ukutani, akibonyeza.

Taa nyekundu ikawaka.

Machogu alikuwa ameshatega.

Ilwad alimpa Persis redio ya Motorola na kumwonyesha kitufe cha kusemea. Alimwambia asubiri mpaka asikie jina lake, kisha aende moja kwa moja kwenye kile kisanduku na asiguse kitu mpaka aambiwe.

"Nimeshika sindano miaka thelathini na mbili," Persis alijibu. "Mkono wangu hautetemeki."

Ilwad akaingia kwenye chai.

Mimea ilimfika kiunoni. Alikwenda ameinama, haraka, kimya. Mlinzi wa tangi alikuwa anatazama mawingu. Alihisi kitu kama kalamu kikimgusa shingoni, na volti elfu hamsini zikamlaza kwenye nyasi.

Mmoja.

Wa pili aligeuka. Akaona. Akafyatua.

Risasi ilipita karibu na sikio la Ilwad na kupasua mgomba nyuma yake. Alijitupa chini, akabiringika, akafyatua mara moja. Bastola ya mlinzi iliruka pamoja na ncha ya kidole chake. Mwanamume huyo akapiga magoti, akaushika mkono, na vita vikamwishia hapo.

Prado ikanguruma kuelekea langoni.

Ilwad alisimama wima. Akashusha pumzi. Tairi la mbele. Tairi la nyuma. Gari likayumba, likaserereka, likadumbukia kwenye mtaro wa maji ya mvua.

Alimkuta Machogu akihangaika na mkanda wa kiti. Akamkatia mkanda huo kwa kisu na kumvuta nje kwa ukosi wa koti.

"Wewe," Machogu alisema akihema. "Wewe ni msichana wa Zubair wa mitumba."

"Namba," Ilwad alisema.

Tone la kwanza likaanguka juu ya boneti.

Kisha la pili.

Kisha hayakuhesabika.

*

Dakika sita.

Machogu akasema hajui habari ya namba yoyote. Ilwad hakubishana naye. Aliita jina la Persis kwenye redio, kisha akamburuta Machogu kushuka mteremko, viatu vyake vya ngozi vikichora mistari miwili kwenye tope. Chini, ukingoni mwa kijito, bomba la chuma la inchi nane lilitokeza ardhini kama mdomo. Chini yake mawe yalikuwa meupe, hayana hata ukoga.

Alimpigisha magoti. Akamfunga pingu mikono yote miwili kwenye kola, pete ya chuma iliyozunguka bomba. Uso wa Machogu ukawa mbele ya tundu, kiasi cha shubiri moja.

"Dakika nne," Ilwad alisema. "Likifunguka, wewe ndiwe wa kwanza kunywa."

"Huwezi. Wewe ni afisa wa serikali."

"Nilikuwa afisa mpaka saa saba. Sasa ni mtoto wa Dahabo."

Machogu akalitazama bomba. Mvua ilikuwa inamtiririka puani. Akaanza kusema haraka, kwa sauti ile ya kushawishi aliyokuwa akiitumia nyuma ya kaunta. Kwamba ni mabaki tu. Kwamba dawa hutibu, haiui. Kwamba mto ni mkubwa, unayeyusha kila kitu, na hata wazungu humwaga kwao.

"Basi usiogope," Ilwad alisema.

Akakaa juu ya jiwe.

Redio ikakoroma. "Niko hapa kwa kisanduku," Persis alisema. "Inahesabu. Tatu na kitu."

Ndani ya bomba kitu kilinguruma kwa mbali. Machogu akaruka kadiri pingu zilivyomruhusu.

"Nne, nne, saba, moja!"

Ilwad akaisoma kwenye redio. Wakangoja. Mvua ilipiga majani ya chai kama makofi.

"Imekataa," Persis alisema. "Inasema imebaki mara moja. Tukikosea, inafunguka."

Ilwad alimtazama Machogu. Hakumpiga. Hakuinua sauti. Alitoa bastola, akaondoa risasi, akairudisha kwenye mkoba wake kama mtu aliyemaliza kazi na anajiandaa kwenda nyumbani.

Hilo ndilo lililomvunja.

Bomba likatetemeka. Valvu ilikuwa inajiandaa, na mpira wake wa zamani ulivujisha mapema. Mchirizi mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji ukatoka ukamgusa Machogu midomoni. Ulinukia hospitali. Alitema. Alitema tena na tena, akajipangusa kwenye bega, akaanza kulia kwa sauti nyembamba, akimwita mama yake kwa Ekegusii. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kilichokuwa ndani ya maji yale. Na alipofungua mdomo tena hakusema tu namba. Alitaja aliyeleta shehena, aliyempa habari za wakaguzi, ghala la pili la Nyacheki lenye mapipa ambayo hayajafunguliwa. Saa ya mkononi ya Ilwad ilirekodi kila neno.

Namba aliitaja mara mbili. Sifuri, tisa, sifuri, sita.

"Naapa. Ndiyo hiyo. Mwambie. Mwambie sasa."

Ilwad akainua redio.

Hakubonyeza.

Mvua ilikuwa ikimchuruzika usoni. Aliuona mkono wa mama yake juu ya shuka ya wodi, umevimba, umekuwa na rangi isiyo ya mkono. Siku kumi na nane. Siku ya mwisho Dahabo aliuliza kama ile dawa nyingine imefika, na Ilwad akamdanganya kwamba iko njiani. Mtu huyu alikula pilau. Alirudia kula. Ilimtosha kungoja tu. Sekunde arobaini na tano. Hakuna mtu angemlaumu, na timu ingekuta ajali.

"Madam," Machogu alinong'ona. "Madam."

Sekunde thelathini.

"Moiseke," sauti ya Persis ilitoka kwenye redio, ikimwita binti kama wanavyoitana huku. Haikuwa na haraka. "Najua unachofanya. Hata mimi nimemzika wangu. Lakini watoto wametoka shule, nawaona kule chini na mitungi. Nipe namba."

Ilwad akafumba macho.

"Sifuri," alisema. "Tisa. Sifuri. Sita."

Ndani ya bomba kitu kilipiga, ti, kama mlango wa chuma unaofungwa mbali.

"Kijani," Persis alisema. "Imekuwa kijani."

Mchirizi mweupe ukapungua, ukawa matone, ukakoma.

Ilwad alibaki ameketi juu ya jiwe kwa muda. Kisha akampigia Jacinta, akamwambia kuhusu ghala la Nyacheki, akampa majina yote. Jacinta alisema askari wa kutosha wataligeukia sasa hivi na hakuna pipa litakalosogezwa. Halafu akasema timu kuu iko umbali wa saa moja.

"Utawangoja naye?"

"Atangoja yeye," Ilwad alisema.

Hakumfungua pingu.

*

Mvua ilipopungua watu walianza kushuka. Milio ya risasi husikika mbali katika vilima hivi, na habari husikika mbali zaidi. Wachumaji wa chai walikuja na vikapu mgongoni. Mzee mmoja alikuja na fimbo, mguu wake umefungwa kitambaa kilichokuwa kimelowa usaha. Mama mmoja alikuja na picha ya mtoto ndani ya plastiki. Hawakurusha mawe. Hawakupiga kelele. Walisimama ng'ambo ya kijito, safu nzima, wakimtazama Machogu aliyepiga magoti mbele ya bomba lake.

Naye hakuweza kugeuza uso. Pingu hazikumruhusu.

Persis aliteremka mwisho, redio mkononi, amejitanda mfuko wa plastiki kichwani. Alimrudishia Ilwad redio.

"Maji," Machogu alisema. Sauti ilimkauka. "Tafadhali. Midomo inaniwasha. Kuna chupa kwenye gari, kuna katoni nzima."

Persis akamwuliza Ilwad kama gari limefunguliwa. Ilwad akasema gari ni ushahidi, haligusiki mpaka timu ifike.

Persis akatikisa kichwa kwa kukubali. Akatoa kikombe cha bati kwenye kikapu cha jirani, akainama, akachota kijitoni. Maji yalionekana safi kabisa. Akakishikilia kikombe mbele ya mdomo wa Machogu kwa mkono usiotetemeka, kama alivyowanywesha wagonjwa miaka thelathini na mbili.

"Haya ndiyo tunayokunywa sisi, Daktari."

Machogu akakitazama kikombe. Akafunga mdomo.

Ilwad alikuwa ameshaanza kupanda mteremko. Alifunga upya mtandio wake uliolowa, akapita kati ya safu za chai, akafika kwenye migomba na kupangusa maji juu ya kiti cha Boxer kwa kiganja. Simu ikalia kabla hajawasha.

"Kware," Jacinta alisema. "Niambie ukweli. Yuko hai?"

"Yuko hai," Ilwad alisema, akiwasha pikipiki. "Ana kiu tu."